Mwanasesere wa Jonah Orina

Memsaab Rennie hakuwa mtu mbaya. Hilo lisemwe mapema, maana watu wa kambi ya wachuma chai walipolisimulia jambo hili baadaye walimpaka matope mengi kuliko aliyostahili, na aliyestahili matope alikuwa mwenzao.

Alikuwa Mskoti mrefu mwenye magoti mekundu, mke wa meneja wa shamba moja la chai upande wa Kapsoit. Tangu watoto wake wapelekwe shule Ulaya alikuwa na upweke ambao hakujua pa kuuweka, basi akauweka nasari. Nasari yenyewe ilikuwa chumba cha mabati chenye baraza, kando ya banda la kupimia majani. Akina mama wakienda kuchuma, watoto wasiofika umri wa shule waliachwa pale kwa mwalimu Drusilla. Walikunywa uji saa nne, wakaimba, wakapigana, wakalala juu ya magunia, wakaamka wakapigana tena mpaka mama zao waje.

Drusilla alikuwa msichana wa Kisii wa miaka ishirini na miwili, Msabato wa kuzaliwa, aliyemaliza darasa la nane na kukwama hapo. Alitaka chuo cha ualimu kama mgonjwa anavyotaka maji. Memsaab alikuwa amemwahidi barua ya kumtambulisha, na tangu ahadi hiyo itolewe, kila memsaab alilosema Drusilla alilijibu kwa neno moja: ndiyo. Neno dogo hilo limewaponza wengi.

Katikati ya Oktoba, mwaka wa sitini na nane, memsaab alikuja na sanduku la chai lililobebwa na mpishi wake. Ndani mlikuwa na shuka mbili nyeupe zilizochakaa, pamba, uzi, karatasi nyeusi, karatasi ile ya kung'aa inayotandikwa ndani ya masanduku ya chai, na maboga matatu.

"Mwalimu," alisema kwa Kiswahili chake cha jikoni, "kule kwetu Scotland, siku ya mwisho ya mwezi hii, watoto yote natengeneza mtu ya kufa."

Drusilla alidhani masikio yamemdanganya. "Mtu gani, memsaab?"

"Mtu ya kufa! Nguo mweupe, miguu hapana. Nakuja usiku, huuu! Watoto naogopa kidogo, nacheka mingi. Mzuri sana."

Ukiwa na akili zako, ukiambiwa uwafundishe watoto wa wenyewe kutengeneza wafu, unauliza mara ya pili. Drusilla alijua vizuri kwamba pale kambini, awe Mkisii au Mkipsigis, hakuna aliyemfanyia aliyekufa mzaha. Jina la marehemu halikuitwa ovyo, sembuse kumfanya mchezo. Lakini aliiona ile barua mbele ya macho yake, imekunjwa vizuri ndani ya bahasha.

"Ndiyo, memsaab," akasema.

Watoto hakuwaambia habari za wafu. Aliwaambia wanatengeneza wanasesere, na kwa watoto mwanasesere ni mwanasesere. Na ukweli usemwe, nasari ile haikuwahi kuona wiki tamu kama zile mbili. Waliyakata maboga juu, wakayachimba kwa vijiko, wakayatoboa macho na meno, kisha mbegu zikakaangwa zikaliwa zote. Walikata popo kwa karatasi nyeusi na mwezi kwa karatasi ya kung'aa, wakavibandika ukutani kwa gundi ya unga wa ngano, na nusu ya gundi ikaishia tumboni. Wanasesere walikuwa kazi rahisi kuliko zote: kipande cha shuka, donge la pamba katikati, uzi ukafungwa shingoni, macho mawili kwa kaa la moto lililozimwa. Kichwa hicho, na kiwiliwili kinaning'inia chenyewe.

Aliyewashinda wote kwa mikono alikuwa mvulana wa miaka mitano aitwaye Nyang'au. Wenzake walifunga shingo ovyo, vichwa vikalala upande. Yeye aliuzungusha uzi taratibu, ulimi nje, akamchorea mwanasesere wake nyusi, kisha akamchorea mdomo unaocheka, na alipomaliza alimwimbia.

Nyang'au ni fisi. Hilo ndilo jina walilomwita mtoto huyo nyumbani, njiani na mtoni, na halikuwa tusi. Mama yake, Bochaberi, alikuwa amezika watoto watatu kabla yake, wote wakiwa na majina mazuri ya babu na bibi, wote kabla meno yao hayajaota yakatosha. Wa nne alipozaliwa, bibi mzaa mama alisema: huyu mwiteni fisi, kifo kikimsikia kitapita, kwani nani anakula fisi? Wakamwita hivyo, na mtoto akaishi. Ukicheka, cheka, lakini Bochaberi hakuwa na nafasi ya kucheka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Jina la pili lilikuwapo, limefichwa. Baba yake, Ogeto, aliyefanya kazi kiwandani, alimwandikisha nasari kwa kunong'ona kama mtu anayeungama. "Ya kitabu ni Jonah Orina, mwalimu. Orina ni baba yangu. Lakini ikae hapo kwa kitabu tu. Kwa mdomo ni Nyang'au. Mama yake hataki hiyo ingine isikike mpaka kijana afike miaka saba. Hata kijana mwenyewe hajui."

"Nimeelewa, baba," Drusilla alimjibu. "Haitatoka kinywani mwangu." Alielewa kweli, kwa maana kaka yake mwenyewe aliitwa hivyohivyo utotoni.

Basi ilikuwaje jina hilo likatoka? Ilikuwa aibu. Siku moja memsaab aliuliza maana ya Nyang'au, na Drusilla akamwambia. Memsaab alicheka kwanza, kisha akasikitika, akamshika mtoto kichwa, akasema, "Pole, pole, mtoto mdogo, kwa nini mama yako naita wewe fisi?" Cheko lile lilimchoma Drusilla kuliko angechapwa kofi. Aliona Ukisii wote umesimama uchi mbele ya mzungu.

Jumatano, memsaab aliagiza kila mwanasesere abandikwe karatasi yenye jina la mwenyewe, maana kesho yake angeleta wageni na angetoa zawadi. Drusilla alikaa na penseli akaandika majina ishirini na matatu bila shida. La ishirini na nne penseli ikasimama. Aliwaona wale wageni, wake wa mameneja wengine, wakisoma na kucheka. Akajiambia kuandika si kusema. Hajatoa neno kinywani. Akaandika vizuri, kwa herufi zilizosimama wima: JONAH ORINA.

Alhamisi saa tisa hivi, wanasesere wote walikuwa wametundikwa shingo kwenye kamba moja barazani, weupe, wakigeuka na upepo. Nyang'au siku hiyo hakuwa na raha. Macho yake yalikuwa mekundu, yanatoka machozi, na mafua yalimjaa. Drusilla alidhani ni vumbi la makaa, akamfuta kwa ncha ya kitambaa chake, akamwambia akae na wenzake.

Hapo ndipo akina mama walipokuwa wakifika na vikapu mgongoni, wakajipanga kwenye banda la kupimia, hatua thelathini kutoka barazani. Waliiona ile kamba. Mazungumzo yakapungua, yakaisha. Mama mmoja wa Kipsigis, Chepkirui, alijishika kifua akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa hii ni watoto ya nani wamenyongwa?"

Memsaab na wageni wake watatu walipita wakiwatazama wanasesere mmoja mmoja, wakisifu. Wakafika kwa yule mwenye nyusi na mdomo unaocheka. Memsaab akapiga makofi. Akamshusha, akamwinua juu ili kila mtu amwone, akasoma ile karatasi kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita mbwa kutoka mbali.

"Jonah Orina!"

Watoto walitazamana.

"Jonah Orina! Wapi wewe?"

Nyang'au alikuwa ameketi mbele kabisa, anajifuta pua, anatafuta na wenzake huyo Jonah ni nani. Kule kwenye foleni kikapu kilianguka, majani yakamwagika chini.

"Jonah Orina!" memsaab aliita mara ya tatu, na sasa uso wake ulianza kuonyesha wasiwasi, akamgeukia mwalimu.

Drusilla angeweza kusema mtoto huyo hakuja leo. Maneno manne tu. Badala yake aliinama, akamshika Nyang'au bega, akamsukuma mbele. "Ni wewe," akamnong'oneza. "Simama. Itika."

"Mimi si Jonah," mtoto akasema.

"Ni wewe. Sema ndiyo, memsaab."

Mtoto akamtazama mwalimu wake, ambaye hakuwa amewahi kumdanganya. Kisha akamtazama yule mtu mweupe asiye na miguu mkononi mwa mzungu. "Ndiyo, memsaab," akaitika.

Bochaberi alipanda barazani bila kikapu, mikono yake imejaa utomvu wa chai. Hakupiga kelele. Alimchukua mwanawe mgongoni, akamkabili Drusilla karibu sana.

"Nani alikuambia hiyo jina?"

"Mama, ni karatasi tu. Ni kitambaa na pamba."

"Watatu nimezika, mwalimu. Wote walikuwa na kitambaa na pamba." Akakaza leso ya mtoto. "Wewe si mzungu. Yeye hajui. Wewe unajua, na umemwambia aitike."

Akashuka akaenda zake. Zawadi, kisanduku cha peremende, ilibaki mkononi mwa memsaab, naye akamuuliza mwalimu yule mama amekasirika kwa nini. Drusilla alimwambia mtoto ni mgonjwa kidogo. Jioni hiyo aliwashusha wanasesere wote, akawachoma jikoni mmoja baada ya mwingine, na kila jina aliloliona likikunjamana alilitamka kwa sala. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu hakukawia kuzaliwa.

Ilikuwa surua. Ilikuwa imeingia Kapsoit tangu mwanzo wa mwezi, na dresa wa dispensari, Kiplangat, alikuwa amekwisha kutangazia kambi zote kwamba mtoto mwenye macho mekundu na homa aletwe upesi. Macho yale hayakuwa vumbi la makaa. Mwanasesere awepo asiwepo, mtoto angeugua tu. Drusilla alilijua hilo kwa akili yake yote, na halikumsaidia hata kidogo.

Jumapili vipele vilikuwa vimemjaa uso. Jumatatu akaanza kupumua kwa shida. Na Bochaberi alikuwa amefunga mlango. Kwenye dispensari Kiplangat alikuwa na desturi ya kusimama dirishani na kuita wagonjwa kwa jina lililo kwenye kadi, kwa sauti, na kadi ya mtoto huyo ilikuwa na jina lile la kitabu. Bochaberi aliapa kwamba halitaitwa mara ya nne.

Drusilla alisimama nje ya mlango huo Jumatatu mchana mzima. "Mama, nakuomba. Nitukane, nipige, lakini mtoto apelekwe kwa sindano."

"Nenda kwa memsaab yako," sauti ilitoka ndani.

Alimsikia mtoto akikohoa. Hakikuwa kikohozi cha mafua. Kilikuwa kifupi, kimefuatana na kilio kidogo kila mara. Akakimbia mpaka dispensari.

"Hakuna kadi, hakuna tawa," alisema Kiplangat, mtu mzima wa Litein aliyeiita dawa tawa, bila kuinua macho. Lakini Drusilla alipomwelezea yote, kuanzia fisi mpaka kuitika, aliweka kalamu chini. "Hata kwetu iko hiyo mambo ya jina," akasema polepole. "Wewe mwalimu ulifanya vibaya. Sasa sikia. Nitaandika kadi mpya, Nyang'au peke yake. Kesho asupuhi nakuja mwenyewe kwa nyumba yao, siiti mtu. Sawa?"

"Kwa nini si sasa, dresa?"

"Sasa sindano imekwisha. Gari inaleta kesho. Na huyo akianza kuvuta mbavu ndani, mimi sitoshi. Ni hospitali."

Asubuhi walikwenda pamoja. Ogeto alikuwa ameketi mlangoni peke yake, na mlango uko wazi.

"Ameondoka na basi ya kwanza," alisema. "Amemchukua kwao, chini ya Chepilat. Mama yake atamwekea kwa njia."

Kiplangat hakuelewa. Drusilla alielewa. Zamani kwao, fisi akishindwa, ilibaki dawa moja ya mwisho. Mtoto huwekwa njiani, ametupwa, hana mwenyewe. Wenye mtoto hujificha. Mpita njia wa kwanza humwokota, humpa jina jipya, naye huwa mama yake au baba yake. Kisha wale waliojificha hutoka na kumnunua kwa kiganja cha nafaka ya wimbi, yaani ulezi, kama wageni wanaonunua mtoto wa mtu. Kifo kikija kumtafuta yule wa kwanza, hakimpati. Dawa hiyo ilitaka mtoto awekwe chini, nje, bila kujali mvua au homa.

"Baba, kwa nini hukumzuia?"

"Nimzuie na nini?" Ogeto alimtazama, na macho yake yalikuwa ya mtu ambaye hakulala. "Mimi ndiye nilikuambia hiyo jina. Na mambo ya njia ni ya wanawake, mwanamume akifuata inaharibika. Wewe ndiye ulianza, nenda umalize."

Kiplangat alimwagiza: ukimpata, usirudi naye huku, hospitali ya misheni upande wa Sotik iko karibu zaidi. Drusilla alipanda lori la majani mpaka Litein, akadandia gari la mfanyabiashara lililopitia Sotik, na saa tano kasoro alishuka sokoni Chepilat katika manyunyu yaliyokuwa yakikazana kuwa mvua. Hakumwomba memsaab ruhusa. Ile barua hakuikumbuka hata mara moja njiani, na baadaye hilo lilimshangaza.

Akauliza njia, akaelekezwa. Kilikuwa kijia chekundu kinachoteremka kati ya ua wa michongoma na migomba, utelezi mtupu. Aliteremka akishikilia matawi. Penye kona alikuta jani la mgomba limetandazwa katikati ya njia, na juu yake kitu kimefungwa kwa blanketi la kijivu. Aliijua fulana nyekundu ya Nyang'au iliyochungulia.

Hapakuwa na mtu. Lakini nyuma ya ua alisikia pumzi za watu waliojificha.

Naye alikuwa wa kwanza kupita.

"Si yeye!" Bochaberi alilia kutoka nyuma ya ua. "Mungu wangu, si yeye! Usimguse!"

Drusilla alikuwa amekwisha kumwinua. Mtoto alikuwa moto wa kutisha, midomo imebadilika rangi, na kila alipovuta pumzi mbavu zilizama ndani kama Kiplangat alivyosema. Alifungua macho kidogo. Alimtambua mwalimu wake, akafumba tena.

Bibi mzaa mama alitoka kwanza, mwanamke mfupi mwenye uso mkavu, kiganja kimoja kimekunjwa juu ya wimbi. Alimtazama Drusilla muda mrefu. Binti yake alikuwa anavuta nguo yake, anamsihi amrudishe mtoto chini, wangoje mwingine. Bibi akatikisa kichwa.

"Ameokota," alisema. "Njia haichagui mtu. Mpe jina, msichana, halafu tumnunue kwako."

Hapo Drusilla alipata wazo, na lilikuja upesi mno, likamfurahisha kama wazo la mtu mwerevu. Akimpa jina, watamnunua. Wakimnunua, ni wao, na watamrudisha kwenye nyumba yenye moshi wakangoje dawa ya njia ifanye kazi. Lakini sasa hivi, kwa sheria yao wenyewe, alikuwa wake.

"Siuzi," akasema.

Bibi alishangaa. "Haisemwi hivyo."

"Nimeokota mtoto, ni wangu. Nampeleka hospitali. Akipona nitampa jina na mtamnunua. Leo siuzi."

Bochaberi alimwangukia miguuni kwenye tope. Mwanamke aliyezika watatu, mkubwa kwake kwa miaka kumi, alimshika vifundo vya miguu. "Mwalimu, niuzie. Nimekosa kukufukuza jana. Niuzie nikuje na yeye hospitali, nitakuja, naapa."

Pengine angekuja kweli. Hakuna ajuaye. Drusilla hakumwamini, kwa sababu mlango uliofungwa jana bado alikuwa nao usoni. Akageuka akapanda kijia na mtoto, akiteleza, magoti yakigonga mawe. Nyuma yake Bochaberi alifuata. Bibi alikuwa amemtilia lile wimbi kiganjani akabaki nyuma, kwa kuwa miguu yake haikuweza.

Barabarani walipata lori la maziwa lililokuwa linapeleka mitungi Sotik. Dereva alimtazama mtoto mara moja, akawaambia wapande nyuma, kiti cha mbele kilikuwa na wengine. Wakakaa juu ya sakafu yenye unyevu, Drusilla upande mmoja, Bochaberi upande wa pili, mitungi ikigongana kati yao. Bochaberi alikuwa amekaa mikono juu ya mapaja, kiganja kimoja kimefumba. Hakumgusa mtoto. Asiyenunua hagusi, maana akimgusa amemrudishia kifo njia ya nyumbani.

Walipopita kona ya pili mtoto aliamka. Akageuza kichwa, akamwona mama yake ng'ambo ya mitungi.

"Mama," akasema. Akanyoosha mkono.

Bochaberi alimtazama Drusilla. Alinyoosha kile kiganja, akakifungua kidogo tu ili wimbi lionekane.

Hiyo ndiyo nafasi aliyopewa mwalimu, na nafasi kama hiyo mtu hupewa mara moja. Lakini lori lilikuwa linapunguza mwendo karibu na maduka, na Drusilla aliwaza: nikimpa, atashuka naye hapa hapa. Bado kidogo. Dakika kumi tu tufike. Akamkumbatia mtoto zaidi, akaugeuza ule uso mdogo kifuani kwake, akamwambia, "Nyamaza, nyamaza, tunakaribia."

Mtoto alinyamaza. Alivuta pumzi, akaitoa. Akavuta nyingine, fupi. Drusilla alikuwa akihesabu kona za barabara na hakugundua ni wapi hasa pumzi haikufuatwa na nyingine. Aligundua kwa uzito. Mtoto mgonjwa ana uzito wake, na huu ulikuwa mwingine.

Alimgeuza. Alimwita kwa jina la fisi, akamtikisa, akampuliza usoni. Kisha akainua macho, na Bochaberi alikuwa amekwisha kujua, pengine kabla yake.

"Mchukue," Drusilla alisema. Alikuwa analia sasa, anamsogeza mtoto juu ya mitungi. "Nauza, mama. Nipe hilo wimbi, nauza. Mchukue ni wako, mshike, nakuomba."

Bochaberi alikitazama kiganja chake kama kitu cha mtu mwingine. Akakitoa nje ya ubao wa lori, akakifungua. Wimbi likapeperuka barabarani, nyuma yao, halikuonekana hata lilipoangukia.

"Nilitaka kununua mtoto," akasema.

Lori lilisimama Sotik. Dereva akaja nyuma kuteremsha mitungi, akaona, akavua kofia. Akawatazama wanawake wawili, mmoja mwenye maiti mapajani na mwingine mikono mitupu.

"Pole sana," akasema. "Mama ya mtoto ni nani?"

Bochaberi alikuwa ameanza kuteremka. Alikanyaga gurudumu, akashuka chini, akajitengeneza leso. Akamwelekeza dereva kwa Drusilla kwa kidevu, kisha akavuka barabara bila kugeuka.